Poni wa Bustani ya Ituze

Saa moja na dakika tano asubuhi, Inspekta Mukantabana alipoinama kuingia bandani, kitu cha kwanza alichokiona ni jino. Lilikuwa juu ya nyasi kavu, jeupe, mzizi wake mwekundu. Hatua mbili mbele alikuwa amelala mwenye jino, Daktari Niyomugabo, mganga wa mifugo aliyejulikana Gihundwe nzima. Alilala kifudifudi, na vidole vyake bado vilishika utepe wa kupimia. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na gari.

Kwenye kona alisimama Sukari, farasi mweupe ambaye mgongo wake ulimfikia Inspekta nyongani tu. Miguu yake ya nyuma ililowa damu hadi magotini. Alikuwa akitetemeka.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati tangu saa kumi na mbili kamili. Sajini Mahoro alikuwa ameshashusha bunduki begani.

"Afande, niruhusu nimmalize. Keshaua watu wawili huyu."

Wa kwanza alikuwa mtoto. Siku kumi zilizopita, hapo hapo Bustani ya Ituze, kwenye mteremko unaoshuka ziwani, Sukari alikunja magoti akiwa amembeba Teta, msichana wa miaka tisa. Mtoto alirushwa mbele, akapiga kichwa kwenye mawe, akafa kabla ya jua kutua. Tangu siku hiyo kulikuwa na swali moja lililobishaniwa Kamembe yote, msikitini, sokoni na kwenye vituo vya moto, zile pikipiki za abiria: Sukari ni poni au si poni? Tangazo la langoni lilisema "Poni wa Watoto". Daktari Niyomugabo alisema huo ni uongo. Asubuhi hiyo, saa nne, alitarajiwa kuyasema hayo mbele ya mwendesha mashtaka.

"Weka bunduki chini," Mukantabana alisema. "Nani amemkuta?"

"Mwenye farasi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini."

Mudathiru alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maji yakimchuruzika kutoka kofiani. Alikuwa fundi wa ngozi, mwenye kibanda Kamembe, na tandiko la Sukari alilishona kwa mikono yake.

"Mzee Mudathiru, Jumamosi uligombana na marehemu mbele ya watu."

"Njo vile, Maman. Ni kweli."

"Ulimwambia nini?"

Mzee alitazama chini. "Nilimwambia, ukisema tena Sukari haiko poni, nitakupasua kichwa."

"Basi kimepasuliwa."

"Wallahi sikumugusa! Miye nilikuwa na hasira tu. Nilijua kila farasi mufupi ni poni. Kumbe yeye anasema hapana, poni iko na mifupa minene, kifua kipana, inabeba hata muntu muzima. Huyu ni farasi kibete. Bamemuzalisha kizazi kwa kizazi ili apunguke, mifupa nayo ikapunguka. Hafai kubebeshwa mutoto wa kilo makumi tatu, tena ku mulima." Alivua kofia, akaikamua. "Jana alikuya ku bureau, ile ofisi ya bustani, akatuambia sisi wote, miye, Maman Uwimbabazi na baba ya ule mutoto, kwamba leo saa kumi na moja na nusu atapima Sukari mara ya mwisho. Nilitaka kufika mapema nimusaidie. Mvua ikanichelewesha."

"Mnyanyue mguu, nione."

Mudathiru alimshika Sukari mguu wa nyuma. Mukantabana alipima kwato, kisha akarudi kwa maiti akapima jeraha. Lilikuwa na umbo la mwezi mchanga, na ndani ya mviringo wake mlikuwa na vidonda vidogo vidogo vya duara, vimepangana. Aliandika kwenye daftari: kwato, sentimita saba, jeraha, kumi na moja. Halafu akainua macho. Kwenye nguzo, juu kabisa karibu na mabati, damu ilikuwa imetapakaa kwa mistari mitatu iliyopanda. Alinyoosha mkono asiweze kuifikia.

Farasi anapiga teke mara moja akakimbia. Huyu mtu alipigwa, akapigwa tena, na tena, na kilichompiga kilikuwa kikiinuliwa juu ya kichwa cha mtu kabla ya kushuka. Muuaji alikuwa na subira.

Saa moja na robo, Uwimbabazi, msimamizi wa bustani, aliingia akilia. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, kitambaa cheupe kichwani kimepigwa pasi vizuri.

"Mungu wangu! Chuma cha mguu wake kimemuvunja muzee wa watu!"

"Umetoka wapi, Maman?"

"Mibirizi, ku kwetu. Nimepanda moto sasa hivi, mara tu baliponiita ku simu."

Mukantabana alikitazama kitambaa kile cheupe, akatikisa kichwa kama mtu anayetoa pole.

Hakupata nafasi ya kuuliza zaidi. Nje mtu alipiga ukelele, mlango ukapigwa teke ukang'oka bawaba moja, na Hategekimana, baba yake Teta, akaingia na panga katika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko.

"Iko wapi ile nyama iliua mutoto wangu?"

Alimrukia farasi. Mudathiru alijitupa katikati, akainua mkono, na panga likamshukia chini ya kiwiko. Ngozi ilifunguka hadi mfupani. Mzee hakulia, alikaa tu polepole, kama mtu aliyechoka. Sukari alilia badala yake, sauti kali nyembamba, akajigonga ukutani. Panga lilipanda tena. Mukantabana alimpiga Hategekimana kwa bega chini ya mbavu, wakaanguka wote juu ya nyasi zilizolowa damu ya Daktari. Aliuma ule mkono wa panga kwa meno yake mpaka akaonja chumvi, na hapo Sajini Mahoro akamshushia Hategekimana kitako cha bunduki mgongoni. Panga likadondoka.

Kitanzi cha kamba kilifungwa juu ya jeraha la Mudathiru, akapelekwa hospitali. Hategekimana akaingizwa ofisini na pingu, moja mkononi, nyingine kwenye mguu wa meza.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la kuelekea banda. Ukutani palikuwa na misumari minne. Kwenye mitatu vilining'inia viatu vya chuma vya kwato. Wa nne ulikuwa mtupu.

"Vile ni vya Malkia," Uwimbabazi alieleza kabla ya kuulizwa, akiwa amesimama mlangoni. "Poni yetu ya kwanza. Yeye alibeba batoto miaka sita bila shida. Alikufa mwaka juzi."

"Nyuma yake ndio akaja Sukari?"

"Njo. Poni kwa poni."

Mukantabana alimwomba atoke nje, akafunga mlango.

"Papa Teta. Mkono umevunjika lini?"

Hategekimana, mtu wa kiwanda cha saruji kutoka Bugarama, hakuinua uso. "Siku ile. Ku hospitali. Nilipiga ukuta."

"Saa kumi na moja na nusu leo ulikuwa wapi?"

"Ku gari, nakuya huku. Tulikuwa watu kumi na nane, waulize. Nilipofika langoni njo banasema ile nyama imeua na veterineri." Sasa alimtazama, macho mekundu kama majeraha. "Unafikiri ni miye? Veterineri alikuwa shahidi wangu! Yeye peke yake njo alikubali kusema. Aliniambia, Hategekimana, mwezi muzima kabla mutoto wako afe, nilimuandikia Uwimbabazi barua: huyu haiko poni, asipandwe na mutoto mukubwa. Akaipokea, akasaini ku kitabu changu. Nimuue muntu kama ule, kwa nini?"

Mukantabana alifungua daftari. Jeraha lilikuwa kwenye panja la kushoto: mpigaji alikuwa amesimama uso kwa uso na marehemu, akipiga kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia wa mtu huyu haukuweza kushika hata kijiko.

"Kitabu hicho kinafananaje?"

"Cha bluu. Hakikosi ku mufuko wake."

Katika mkoba wa Daktari mlikuwa na sindano, dawa ya minyoo, miwani. Kitabu cha bluu hakikuwamo.

Kutoka dirishani Mukantabana aliona lundo la samadi nyuma ya banda, likifuka mvuke katikati ya mvua. Alilitazama kwa muda. Samadi iliyotulia haitoi mvuke mwingi namna ile. Ule ulikuwa wa samadi iliyofukuliwa muda si mrefu. Alimpigia simu Mudathiru aliyekuwa akishonwa hospitalini.

"Mzee, samadi unaigeuza siku gani?"

"Ijumaa tu, Maman. Na ni miye mwenyewe."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mukantabana alimwita Sajini, akamwonyesha lundo, akampa koleo.

Saa tano kasorobo wote walikuwa bandani tena. Maiti ilikuwa imeshaondolewa. Hategekimana alisimama karibu na ukuta, ameahidi kutulia, pingu zimefunguliwa kwa ahadi hiyo. Uwimbabazi alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Maman Uwimbabazi," Inspekta alianza, "ulipoingia ulisema chuma cha mguu wa Sukari ndicho kilichomvunja Daktari."

"Kila muntu anaona. Alama iko pale pale ku kichwa."

"Alama nimeiona. Ni ya kiatu cha chuma, na vichwa vya misumari vimeacha vidonda. Sasa njoo unionyeshe chuma cha Sukari."

Uwimbabazi hakusogea.

"Njoo."

Alisogea. Mukantabana aliinama, akaunyanyua mguu wa nyuma wa farasi. Kwato ilikuwa ndogo kama kikombe cha kahawa, kijivu, tupu.

"Hajawahi kuvaa chuma hata siku moja," Mukantabana alisema. "Malkia alivaa, maana alikuwa poni mwenye uzito wake na kazi yake, na wewe ulimwona miaka sita. Ukadhani mnyama mfupi ni mnyama mfupi. Daktari alijaribu kukueleza tofauti akiwa hai, hukusikiliza. Ulipotaka kumsingizia Sukari, ulichukua kiatu cha Malkia, kisha ukampaka huyu damu miguuni. Jeraha ni sentimita kumi na moja, kwato hii ni saba."

"Muntu yeyote anaweza kuingia ku bureau kuchukua ile chuma."

"Kweli. Lakini wewe ulisema umetoka Mibirizi kwa moto. Mvua ilianza saa kumi na mbili, wewe ukaingia hapa saa moja na robo, na kitambaa chako kikavu. Hukutoka Mibirizi. Ulikuwa humu humu kabla mvua haijaanza: ulibadili nguo, ukafukia zile zenye damu, ukajificha ofisini, ukangoja mpaka watu wajae."

Sajini Mahoro alifunua gunia. Ndani mlikuwa na mchi wa kinu cha jikoni, na kwenye ncha yake kiatu cha chuma kilichopigiliwa misumari, nywele za mvi zikiwa zimenasa kwenye damu iliyoganda. Kando yake kulikuwa na gauni lililolowa damu, na kitabu cha bluu. Mukantabana alikifungua kwa kalamu. "Nimepokea onyo kuhusu farasi kibete, asipandwe." Chini yake, saini.

"Hii ni yako, Maman?"

Uso wa Uwimbabazi ulibadilika taratibu, machozi yakakauka kama yaliyofutwa.

"Batoto walikuwa wanakuya kila Jumamosi," alisema. "Bustani yote ilisimama juu ya ile poni. Nilisema wiki moja tu, halafu wiki moja tena. Jana nilimuomba. Nilipiga magoti, Afande! Nilimwambia, sema tu ni poni, poni huanguka, ni ajali, nani atakufa kwa neno moja? Akasema mutoto ameshakufa kwa hilo neno."

Kisha akageuka ghafla. Uma mrefu wa kupakulia nyasi ulikuwa umeegemezwa mlangoni. Aliunyakua na kuusukuma kwa uzito wake wote. Meno mawili yalizama kwenye paja la Mukantabana. Inspekta alisikia chuma kikikwaruza mfupa kabla hajasikia maumivu. Aliung'ang'ania mpini kwa mikono miwili ili usitoke ukarudi tena, akaanguka nao. Uwimbabazi aliuachia, akarukia mchi.

Hakuufikia. Hategekimana alimpiga usoni kwa ile plasta, mara moja, pua ikapasuka kwa sauti ya kijiti kikavu. Alimwangusha chini, akamkalia kifuani, akamkaba koo kwa mkono wa kushoto. Visigino vya mwanamke vilichapa sakafu. Sajini alivuta, hakuweza kumtoa.

"Hategekimana!" Mukantabana alipaza sauti kutoka chini, uma ukiwa bado pajani. "Mwachie aseme! Shahidi wako ameuawa, amebaki huyu. Akifa hapa, itabaki kuandikwa kwamba Teta aliuawa na farasi. Unataka hivyo?"

Visigino vilichapa mara mbili zaidi. Kisha vidole vya yule baba vikalegea, kimoja kimoja, kama vya mtu anayefumbuliwa mkono na mwingine. Uwimbabazi alivuta hewa kwa mkoromo. Sajini akamfunga pingu.

Saa sita gari la wagonjwa lilikuwa bado linapanda kutoka mjini. Mvua ilikuwa imekatika. Mukantabana alikaa ameegemea nguzo, shuka limefungwa pajani kwa nguvu, na Hategekimana alikuwa amekaa mbele yake kwenye nyasi, plasta yake nyekundu. Kwa panga la asubuhi naye angeshtakiwa, na alilijua hilo, hakuuliza.

"Kwa hiyo haiko poni," alisema.

"Si poni. Ni farasi kibete."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Siku ile nilimuuliza ule maman. Nilimwambia, mutoto wangu iko na kilo makumi tatu na tano, huyu munyama ataweza? Akacheka. Akasema, Papa, poni inabeba hata wewe. Teta alikuwa anaogopa. Alinishika shati, anasema hapana, tuende tuone ziwa. Miye njo nilimunyanyua." Alifumbua mkono wake wa kushoto, akautazama. "Nilimunyanyua na kumuweka pale juu, Afande. Na nilimwambia asilie."

Mukantabana alijivuta kwa mikono, mguu ukiburuta nyuma yake, hadi wakakaa bega kwa bega. Walikaa hivyo mpaka gari lilipofika.