Mwambie Abaki Barazani

"Mwalimu, huwezi kuolewa Ijumaa."

Vigelegele vilikatika ghafla. Aliyesema ni Bilali, fundi wa kuchomelea mageti kule Mapinga, kijana ambaye tangu akiwa shuleni hajawahi kujua kunong'ona. Tonge lake alikuwa amesharudisha kwenye sinia.

Mwalimu Maulida alicheka. Alikuwa ametoka Pangani kuja Kaole kuwaona wanafunzi wake wa zamani na walimu aliofundisha nao, na kuwaalika harusini kwa mdomo wake mwenyewe. Walikusanyika nyumbani kwa Bi Zuhura, mwalimu mwenzake wa siku nyingi, wakampikia pilau.

"Kwa nini nisiolewe, Bilali? Au ulitaka kunioa wewe?"

Wenzake wakaangua kicheko. Bilali hakucheka. Alimtazama rafiki yake Mwinjuma, naye Mwinjuma akaiinamia sinia kama vile jibu limo ndani ya pilau.

"Huwezi kwa sababu una mume, mwalimu."

"Mume gani? Abdillah aliniacha, miaka minne sasa. Karatasi ya talaka ninayo, na shehe wa Pangani ameiona."

"Ilikuwa talaka moja. Na alikurejea kabla eda yako haijaisha. Mimi na Mwinjuma ndio mashahidi."

Bi Zuhura hakusubiri watu waanze kutazamana. Aliwatoa wageni wote uani wakanawe mikono, hata wale ambao hawajashiba. Wakabaki wanne chumbani.

"Haya, sema vizuri," alimwambia Bilali. "Hili si jambo la mchezo."

"Tulikuwa kidato cha sita, Bi Zuhura. Tumemaliza kusali alasiri, Mwalimu Abdillah akatuita pembeni ya msikiti. Akasema, nimemrejea mke wangu Maulida binti Mikidadi, nanyi mshuhudie. Alikuwa analia."

"Analia?" aliuliza Maulida.

"Alilia, mwalimu," alijibu Mwinjuma, akisema kwa mara ya kwanza. "Akatuambia hii ni amana, tusimwambie mtu, atakuambia mwenyewe."

"Na nyinyi mkakaa nayo miaka yote!"

"Tulijua umeshaambiwa! Tulidhani ni uhamisho tu ndio umewatenga. Walimu wangapi, mke yuko Pangani, mume yuko Bagamoyo?"

Na ni kweli, walimu wa hivyo wamejaa.

"Dada Zuhura, wewe unafundisha dini. Linawezekana hilo? Mtu arejewe na asijue?"

"Linawezekana, mdogo wangu. Rejea haingoji ridhaa ya mke. Akitamka ndani ya eda wewe ni mkewe, ujue usijue. Kukuficha, hilo ni lake, atalijibu mbele ya Mola wake."

"Kwa hiyo Ijumaa ningefunga ndoa juu ya ndoa?"

"Astaghfirullah. Ndiyo."

Maulida alikaa chini mkekani, mtandio ukamdondoka begani asiuokote.

Waliachana kwa jambo ambalo watu wazima wawili wangelimaliza kwa kikombe cha chai. Mama yake Maulida alipopooza, Maulida aliomba uhamisho kwenda Pangani kumuuguza, na barua ikatoka kabla hajamwambia mumewe. Abdillah alikuwa mtu mpole siku zote isipokuwa siku hiyo. Akasema, ukienda umekwenda. Akaandika talaka. Hasira ya mwanamume mpole ni mbaya, kwa sababu hajaizoea na hajui pa kuishia.

Simu ya Maulida ikalia. Bwana Haji, mchumba wake, mfanyabiashara wa nazi aliyefiwa na mkewe, mtu ambaye Pangani nzima humsikii akigombana na yeyote. Maulida alipokea, akamweleza yote bila kuficha hata neno.

"Bwana Haji?"

"Nipo. Mke wa mtu siwezi kumchukua, Maulida, hilo unalijua."

"Najua."

"Lakini mwanamume akiombwa, huacha. Muombe akuache, mbele ya watu safari hii. Ukae eda yako. Mimi nitasubiri, sina haraka."

"Watu tumeshawaalika."

"Watu watakula siku nyingine. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Ulipoambiwa amekurejea, moyo wako ulifanyaje?"

"Moyo wangu..." alianza Maulida, akaishia hapo.

"Basi, fikiria kwanza," alisema Bwana Haji taratibu. "Halafu uniandikie."

Bilali, huku nyuma, alikuwa ameshamtumia Abdillah ujumbe: "Mwalimu shikamoo. Mwalimu Maulida yuko kwa Bi Zuhura. Anaolewa Ijumaa. Hukumwambia?" Jibu lilirudi neno moja: "Nakuja."

Alikuja kwa miguu kutoka shuleni, jasho limemlowesha kanzu. Bi Zuhura alimwona dirishani, akageuka.

"Amefika, anavua viatu. Sasa niambie wewe. Kama ni mumeo, aingie, hii ni nyumba yangu na namkaribisha. Kama unaona si mumeo, nashusha pazia, akae nje."

Maulida aliokota mtandio wake, akajifunika kichwa.

"Mwambie abaki barazani."

Pazia likashushwa. Bilali na Mwinjuma walitoka nje, wakakaa mbali kidogo na mwalimu wao, vichwa chini.

"Assalaam alaikum, Maulida."

"Waalaikumu salaam. Mwalimu Abdillah, mimi ni nani wako?"

"Mke wangu."

"Nani anajua?"

"Mungu, mimi, na hawa vijana."

"Uliwaambia watoto wa shule, mimi hukuniambia. Umeniacha naning'inia, kwa watu si mke, kwa Mungu si mtalaka. Ningeingia dhambini nimepakwa hina mikono yote miwili!"

"Sikujua kuna Ijumaa. Wallahi, ningekuja kwa magoti."

"Na hukuja siku zote hizo kwa nini?"

"Nilikuja."

"Muongo."

"Nilikuja Pangani siku ya pili baada ya kutamka. Nimeshika mfuko wa halua ya mama, njia nzima napanga maneno. Nilipofika nikakuta turubai limefungwa na wanaume wamekaa. Mama alikuwa amefariki alfajiri. Nilibeba jeneza, Maulida. Nilishuka kaburini, mimi na kaka yako Adamu. Wewe ulikuwa ndani na wanawake, hukuniona."

"Adamu hakuniambia," alisema Maulida.

"Asingekuambia. Tulipokuwa tunanawa udongo mikononi alinieleza, mama mpaka anakata roho alikuwa akisema, mwanangu kaachwa kwa ajili yangu. Akaniambia, kama una utu, usimsogelee dada yangu. Ningemjibu nini? Ndiyo kweli. Nikasema nitangoja msiba upoe. Msiba ukapoa, aibu haikupoa. Kila nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kushindwa."

"Jeneza lilipokuwa linatoka," Maulida alisema polepole, "kuna mtu alikuwa mbele anaongoza tahlili."

"Naam."

"Nilimwambia shangazi, hiyo ni sauti ya Abdillah. Akaniambia ni majonzi hayo, mwanangu, Abdillah hayupo. Nikaamini. Miaka yote najiambia, hata maiti ya mama yangu hakuja kuizika."

"Ilikuwa sauti yangu."

Maulida alilia, si kilio cha kelele, kile cha mtu anayelia jambo la zamani aliloliweka vibaya. Alimlilia mama yake upya. Bi Zuhura akakimbilia jikoni na kujifanya anatafuta chai. Nje, Bilali alikuwa anajifuta macho na shati, fundi mzima.

Abdillah alisubiri mpaka kilio kikatulia.

"Maulida, mashahidi ni wale wale, wapo hapa. Ukitaka natamka talaka sasa hivi. Kaa eda yako, uolewe na mtu anayekuheshimu kuliko nilivyokuheshimu mimi. Sitakuzuia tena hata kwa siku moja."

"Unaweza kuitamka?"

"Itaniua. Lakini naweza."

Maulida aliichukua simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena: "Bwana Haji, usinisubiri. Kosa si lako. Moyo umenijibu, na nakuomba radhi."

Jibu halikukawia. Aliposoma alifumba macho kidogo, kisha akasema kwa sauti ifike nje:

"Bwana Haji amenisamehe. Anasema nikuambie, safari hii useme mwenyewe asikie mwenye kuambiwa."

Abdillah aliinamisha kichwa.

"Amesema kweli. Na ni mtu bora kuliko mimi."

"Ni bora kuliko wewe. Ndiyo maana inaniuma." Maulida alisogea karibu na pazia. "Ile uliyosema msikitini shehe ataihesabu. Mimi siihesabu. Iseme hapa. Bilali na Mwinjuma wanyamaze, leo shahidi ni mimi."

"Nimekurejea."

"Nani?"

"Nimekurejea wewe, Maulida binti Mikidadi, mke wangu. Na nakuomba radhi ya maneno niliyokuambia, na ya yale niliyokunyima."

"Sijakusamehe bado. Nisikilize vizuri. Nitasamehe kidogo kidogo, na kuna siku nitaamka hasira imerudi yote."

"Nitakuwepo."

"Utaongea na Adamu wewe mwenyewe, usimtume mtu."

"Nitaongea naye."

"Na utanipeleka kwenye kaburi la mama, unionyeshe uliposimama."

Abdillah aliitikia kwa kichwa. Akasahau kwamba kuna pazia kati yao.

"Umejibu?" aliuliza Maulida.

"Nimejibu, mwalimu!" alisema Mwinjuma kwa niaba yake. "Namaanisha, amejibu. Analia tena."

Maulida aliweka simu chini, akanyanyua mkono, akalifungua pazia mwenyewe. Abdillah alikuwa amezeeka, mvi zimeingia ndevuni, na nyayo zake zimejaa vumbi la njia.

"Ingia," alimwambia. "Pilau imepoa."