Rejista ya Lambo Iliyojazwa kwa Penseli

Jumatatu, tarehe 12 Agosti 1985, ilianza kama siku yoyote ya kiangazi. Wakati huo nilikuwa karani wa masjala ya maji, mwenye miaka ishirini na mitatu kazini bila doa, na sikuwa na subira na wazembe. Mzembe mkuu alikuwa mume wa mdogo wangu, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Kadirio.

Kazi yake ingemshinda mbuzi tu: kila asubuhi saa moja aende lamboni, asome nguzo ya vipimo iliyosimikwa majini, aandike kimo cha maji rejistani. Yeye aliijaza ya wiki nzima inayokuja Jumapili, amejilaza kitandani, akipunguza sentimita mbili kwa kila siku hadi usingizi ulipomchukua kwenye Jumatano. Tena kwa penseli.

Mdogo wangu alinijia akilia. Mkaguzi angefika Alhamisi, na tarakimu zikipishana na nguzo, mumewe angefukuzwa, nao wangetolewa katika nyumba ya kazi. Nikaandamana na shemeji hadi lamboni. Rejista ilisema mita 1.46. Nguzo nayo, 1.46. Jumanne, 1.44, sawasawa.

"Unaona, shemeji?" alinicheka. "Nyie wa mafaili mnajisumbua. Maji yenyewe yananisikiliza."

Nilimjibu kwamba bahati haijawahi kuwa elimu. Akavimba kichwa zaidi. Jumatano jioni, ili mkaguzi akute lambo limejaa tele, aliijaza nafasi ya Alhamisi: 3.00. Tuta la lambo lile lilikuwa na kimo cha mita mbili na nusu. Hakujua, hakuwahi kulipima.

Alhamisi saa moja tulisimama pale watatu, mimi, shemeji na mkaguzi. Mvua haikuwa imenyesha. Maji yalikuwa yamelipita tuta kwa nusu mita, yamesimama wima kama kioo. Hayakumwagika. Hayakutikisika. Niliona taswira ya mkaguzi ndani yake. Niliona yangu. Ya shemeji haikuwemo.

Akatoa kifutio. Hata tarishi anaijua sheria ya masjala: kosa hukatwa kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi. Halifutwi.

"Usifute," nilimnong'oneza. "Kata mstari."

"Niache, shemeji. Nimezoea."

Alifuta.

Lambo likawa kavu. Tope lilikuwa limepasukapasuka, kana kwamba halijaona maji mwaka mzima. Rejista ilikuwa chini. Nyayo za shemeji zilifika hapo, zikakoma.

Mkaguzi aliandika "mtoro kazini". Mtu wa aina yake angeandika nini tena?

Jioni mdogo wangu aliniita chumbani kwao. Mstari wa tope bichi ulizunguka kuta zote nne, karibu na dari, kwa usawa kamili. Shuka zilikuwa kavu. Juu ya kitanda, vidole vinane vya tope vilikuwa vimeung'ang'ania mstari ule kwa chini, kama vya mtu anayening'inia ukingoni.

Tulipaka chokaa mara tatu, na kila mara mstari na vidole vilirudi. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 2 Septemba. Kesho yake nilivihesabu tena.

Vilikuwa vitano.