Kifaa Chini ya Usukani

Injini ilikuwa imezimwa na funguo ziko mkononi mwake, lakini kishikwambi alichokipakata kilishikilia kwamba gari linanguruma. Mshale kwenye skrini ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Wewe umerogwa," alikiambia.

Mwenye gari alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake walimwita Breki, maana ndilo neno alilolipigia kelele kutwa nzima, na hata kwao nyumbani jina hilo lilikuwa limeshika. Mchana huo wa Jumamosi alikuwa ameegesha nje ya duka kubwa, katikati ya honi na watu wanaogombea nafasi. Taa ya injini ilikuwa imemkodolea macho tangu asubuhi. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kubembeleza mafundi, alikuwa amejinunulia kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinachosoma ugonjwa wa injini na kuurusha kwenye skrini bila waya.

Kwenye gari la pembeni, mwanamume mrefu aliyevaa shati la buluu lenye mikono iliyokunjwa alikuwa akikanyaga mafuta huku akiitikisa simu yake.

"Unganika basi! Mbona unaniaibisha mbele za watu?"

Gari lake likanguruma. Mshale wa Breki ukapanda. Likatulia, ukashuka. Breki alicheka mpaka akaegemea usukani. Akateremka, gauni lake la manjano likipeperuka, akagonga kioo cha jirani.

"Samahani, kaka. Gari lako liko kwangu."

"Liko wapi?"

"Kwangu hapa. Kishikwambi changu kimekamata kifaa chako badala ya changu. Na kwa taarifa yako, plagi moja haichomi na injini inakula mafuta kama haina mwenyewe."

Mwanamume akamtazama, kisha skrini, kisha yeye tena. "Dada, hata salamu hatujapeana na umeshanijua mpaka utumbo?"

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa lifti kwenye majengo marefu. Alimwonyesha Breki jinsi ya kuliachia gari la jirani na kulikamata la kwake mwenyewe. Ikaonekana ugonjwa wa gari la Breki ni sensa ya hewa iliyojaa vumbi, fundi akaisafisha papo hapo. Gari la fundi lenyewe lilihitaji plagi mpya, na duka la vipuri lilikuwa mbali.

"Sasa naomba lifti," akasema.

"Fundi wa lifti anaomba lifti! Panda kabla sijabadili mawazo."

Tangu siku hiyo akawa Lifti, na simu ya Breki ikawa haipoi.

"Uko wapi, Breki wangu?"

"Niko na mwanafunzi anayeiona kona kama uvumi tu. Na wewe?"

"Ghorofa ya juu kabisa. Nakuona mdogo kama njugu."

"Mwongo! Hunioni."

"Nakuona nikifumba macho."

Mapenzi yakanoga. Lifti akamletea kifaa kipya, kizuri kuliko cha kwanza. "Kiache humohumo, usikichomoe. Kitakulindia injini." Breki akakichomeka, akambusu shavuni, akasahau.

Kumbe kile kifaa kilikuwa na laini ya simu ndani yake, na kila kilichosomwa nacho, pamoja na mahali gari lilipo, kilikwenda moja kwa moja kwa Lifti.

Alasiri moja Breki alipanda barabara ya mlimani kukiangalia kiwanja. Alitaka kukikodi afungue shule yake mwenyewe ya udereva. Hakuwa amemwambia mtu; alitaka kwanza akione, kisha ampeleke Lifti amfumbe macho. Alikuwa akirudi, moyo umemjaa, simu ikaita. Akaegesha pembeni.

"Mpenzi, uwe unaupanda ule mlima taratibu. Injini imepata joto sana leo. Halafu pale juu umekaa muda mrefu, kuna nini?"

Breki akazima injini. "Nani kakuambia nimepanda mlima?"

Lifti akasingizia mtandao.

"Lifti. Nakuuliza."

"Kifaa kinaniletea... nilikuwa nakujali tu, mpenzi."

Aliinama, akakichomoa. Jioni hiyo alikiweka mezani mbele ya Lifti. Hakupiga kelele. "Habari ile ilikuwa yangu ya kukuletea," alisema. "Umeichukua kabla sijaitoa." Akaondoka.

Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, hakumwelewa.

"Mwanangu, wenzio wanatafuta wa kuwauliza wamefika wapi, wewe unamfukuza!"

"Kuniuliza sijamkataza, Shangazi. Yeye hakuuliza. Alichungulia."

"Na ukimkosa?"

"Nitalia. Lakini nitalia nikiwa kwenye gari langu."

Na kweli alilia, zaidi ya alivyotarajia. Ila hakupiga simu.

Lifti ndiye aliyekuja, asubuhi, kwa miguu, hadi kwenye uwanja wa mafunzo. Alikuwa na ovaroli ya kazini na macho yaliyokosa usingizi. Breki akamwambia mwanafunzi wake azizunguke koni taratibu, akateremka.

"Sikuja kujitetea," Lifti alisema. "Mdogo wangu aligongwa akisukuma gari lililozimika barabarani. Tangu hapo kila ninayempenda akishika usukani, mimi situlii. Niliogopa ukijua utaniona mwoga, nikaona afadhali nikulinde kimyakimya. Nilikosea. Ile laini nimeifunga."

Breki akamsogelea. "Pole kwa mdogo wako. Hilo ungeniambia ningekushika mkono. Na mimi ningekupigia mwenyewe kila nikifika."

"Ungenipigia?"

"Ungeniomba, ningekupigia." Akageuka ghafla. "Breki! Hiyo ni koni, si mpira!" Kisha, kwa sauti ya chini: "Mchana nakwenda mahali. Unataka kuja?"

"Naruhusiwa?"

"Ndiyo maana nimekuuliza."

Walipanda mlima pamoja, naye Lifti hakugusa chochote wala kuuliza chochote. Kule juu, mwenye kiwanja alikuwa akiwasubiri getini. Breki alimwonyesha Lifti patakapokaa ofisi, patakapopita magari, pembe ya kufundishia kurudi nyuma, mikono yake ikichora hewani. Lifti alisikiliza kama mtu anayesomewa habari njema.

Mwenye kiwanja akakohoa. "Na huyu bwana ni nani?"

"Mchumba wangu," Breki akajibu bila kupepesa.

Lifti akamgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Una swali?"

"Ninalo moja tu," alisema Lifti, tabasamu likimtawala uso mzima. "Nije kumwona baba yako lini?"

"Jumapili. Na shati ulipige pasi."