Kigango Nyuma ya Piano

Jua lilikuwa linazama Mwambire alipoegesha baiskeli yake nje ya hoteli kule Bofa na kufuta vumbi viatuni. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani Kibarani, na hakukuwa na mwingine karibu na hapo aliyejua kusoma nota. Okestra ya Wazungu ilikuwa imekuja kupiga muziki wa Vienna wa miaka mia mbili iliyopita. Mpiga piano wao, mama mzee aitwaye Bi Hedwig, alihitaji mtu wa kumfunulia kurasa. Mwaka huo wa 1984, kwa mpiga kinanda wa kanisa, heshima kubwa kuliko hiyo ingetoka wapi?

Alipanda jukwaani, akakaa kushoto kwa Bi Hedwig. Ndipo akageuka kutazama mapambo yaliyokuwa nyuma yake.

Vigango.

Vilikuwa tisa, vimeegemezwa ukutani na kumulikwa taa. Nguzo za mbao zinazochongwa kwa ajili ya wazee wa Kigiriama waliokufa, ambazo hazing'olewi zikishachimbiwa. Cha tatu kilikuwa na ufa kutoka shavuni hadi kifuani.

Kilikuwa cha baba yake.

Nyevu, mfagiaji wa ukumbi, aliyezaliwa kijiji kimoja naye, alipita na ufagio. Akainama kama anayeokota kitu.

"Mwalimu, umekiona?" alinong'ona.

"Nimekiona."

"Sisi tukifagia hapa hatukipi mgongo. Nawe utakaaje?"

Mwambire aligeukia piano. Angemwambiaje kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha njia mfanyabiashara wa vinyago? Kanisa lilikuwa limeombea kinanda miaka sita. Yule mtu alikuwa nacho, naye alitaka kigango. Mwambire alijiambia kuwa ni mti tu. Wiki moja baadaye kinanda kilifika, na mama yake akalia siku tatu akidhani kigango kimeibwa na wezi.

Wageni wakakaa. Fidla zikaanza...

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Ya pili ilikwenda taratibu, Bi Hedwig akigusa piano kwa vidole vyepesi, fidla zikimfuata kwa mbali. Hapo Mwambire akasikia harufu. Tembo la mnazi, kama lile wanalomwagiwa wafu. Na udongo mbichi.

Kisha pumzi shingoni. Baridi.

Hakugeuka. Alizifuata nota kwa macho, mstari kwa mstari, hadi wa mwisho. Akainua mkono...

Ukurasa ukafunuka kabla hajaugusa.

Bi Hedwig aliendelea kupiga. Ukurasa uliofuata, vivyo hivyo. Mwambire alishika ukingo wa kiti. Mkono wake wa kulia ulikufa ganzi hadi begani. Alikaa hivyo mpaka okestra nzima ikanguruma pigo la mwisho na watu wakasimama kupiga makofi.

Bi Hedwig alimshika bega, jasho likimtiririka. Alimshukuru, kisha akamwomba amfikishie shukrani yule mzee pia.

"Mzee yupi?"

"Aliyesimama nyuma yako. Ana mkono mwepesi sana." Akajifuta jasho. "Lakini mbona alikuwa analia?"

Asubuhi Nyevu alimjia nyumbani. Vigango vilikuwa vinane, alisema, na ukumbi ulilala umefungwa, ufunguo anao meneja. Mwambire hakungoja amalize. Akaenda kijijini.

Alimkuta mama yake penye kibanda cha vigango. Cha baba kilikuwa kimesimama mahali pake, udongo umeshindiliwa, hakuna alama ya jembe wala ya mguu. Mwambire akapiga magoti, akaeleza yote. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Hakumlaani. Alinyoosha kidole tu.

Hatua moja kutoka kwenye kile kigango palikuwa na shimo jipya. Jembamba, la kutosha kigango kimoja. Tupu.

"Nimelifukia mara tatu tangu alfajiri, mwanangu," alisema. "Nikigeuka, liko wazi."

Mwambire akalifukia kwa mkono wa kushoto, kisha akalikalia. Mama yake akaenda kuwaita wazee. Kimya kikatanda, hata kuku hawakulia. Akajaribu kusali, maneno yasimjie.

Kisha akahisi udongo chini yake unadidimia.

Polepole...