Nyayo za Uji wa Mchele

Haya yalimpata rafiki yangu Sutopa, aliyeolewa katika mji wa Kalna, kando ya mto. Jioni ya kumkaribisha Lokkhi, mungu wa kike wa neema, alichora kwa uji wa mchele nyayo ndogo za kumwonyesha mungu huyo njia ya kuingia, kutoka mlangoni hadi madhabahuni, kisha akateremka mtoni kuchota maji. Aliporudi umeme ulikuwa umekatika, baragumu za mahekalu zimenyamaza, na nyayo mbichi zilipita madhabahu zikaingia chumbani kwa mwanawe mchanga.

“Mama, umeongeza wewe?” akamuuliza mama mkwe.

“Kwa mikono hii inayotetemeka? Hata chai unaninywesha wewe, mwanangu.”

Sutopa akainua taa. Nyayo zilifika kitandani zikakoma. Mtoto alikuwa macho, akiichekea pembe tupu ya chandarua, na hakuna hata unyayo mmoja uliogeuka kurudi.