Diski ya Binti wa Mkunga

Diski ilikuwa imejaa, na hapakuwa na kitu cha kuijaza. Fundi alitazama tarakimu kwenye kompyuta yake, akachomoa waya, akapuliza vumbi, akachomeka upya. Tarakimu zilezile. Ndani ya ile mashine ya zamani ya gemu mlikuwa na michezo minne tu, na yote kwa pamoja haikufika hata nusu ya diski. Nafasi iliyobaki ilikaliwa na faili moja lisilo na jina.

Mtaani walimwita Fundi Sumaku. Wengine walisema ni kwa sababu bisibisi yake ilinasa hata skrubu zilizopotea chini ya meza. Wengine walisema ni kwa sababu kitu kibovu kikishaingia dukani mwake, hakibanduki.

"Mama Mkunga," aliuliza taratibu, "hii mashine unaitumia peke yako?"

Mwanamke aliyekaa kwenye stuli mbele yake alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini katika wodi ya wazazi. Nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake, wakiwemo wawili wa fundi mwenyewe. Mama mwenyewe alijaliwa mmoja tu, binti, naye alifariki miezi kumi na minne iliyopita kwa ugonjwa wa damu, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Siku ya mazishi watu walimshangaa mama yule. Alipika, akapanga viti, akawapangusa wenzake machozi. Yeye hakutoa hata moja.

"Tunacheza wawili," alijibu. "Mimi na mwenzangu."

"Mwenzako nani, Mama?"

Alinyoosha mkunjo wa nguo yake gotini. "Anasema pamembana. Nitilie diski kubwa, kubwa kuliko zote ulizo nazo."

Fundi hakubisha. Aliijua mashine ile vizuri mno. Binti ndiye aliyeifungua, pale pale mezani kwake, akaitia chipu ili ikubali michezo iliyohifadhiwa ndani bila kuhitaji sidii. Siku hiyo aliungua kidole kwa moto wa kulehemu akacheka mpaka akakaa chini. Na mara ya mwisho alipokuja, akitembea kwa kushika kuta, alimwambia fundi neno moja.

"Kaka, nikiondoka, mashine hii uje uichukue. Usimwachie Mama. Namjua mimi, atakaa mbele yake mpaka aishe."

Fundi aliahidi. Baada ya mazishi alikwenda nyumbani kwa Mama Mkunga mara mbili ili aichukue, na mara zote mbili alikunywa chai, akaaga, akaondoka bila kufungua mdomo kwa lile lililompeleka. Sasa mashine ilikuwa imeletwa mpaka mezani kwake. Angeweza kusema imekufa, haitengenezeki, na mambo yakaisha. Aliitazama mikono ya yule mama, jinsi ilivyotulia pajani ikisubiri.

"Njoo kesho alasiri," alisema.

Kesho yake mchana alianza kazi. Mashine za aina ile huifunga diski kwa ufunguo wa siri, na huzikataa diski ngeni, kwa hiyo alilazimika kuifungua ya zamani, kunakili kila kitu, kisha kuipa mpya ufunguo uleule. Wakati kompyuta ikinakili, alisafisha kapasita iliyovujia ubao karibu na saa ya ndani ya mashine, akabadilisha na waya bapa kwa mwingine wenye nyuzi nyembamba zaidi. Jua lilikuwa la utosi. Mtaa ulikuwa umenyamaza, hata cherehani ya duka jirani haikusikika.

Harufu ndiyo iliyoanza, spiriti ya hospitali iliyochanganyika na udongo mbichi. Kisha diski ya zamani ikaanza kugonga, tik, tik, kama ukucha juu ya bati. Fundi alitupa jicho kwenye kompyuta. Lile faili lisilo na jina lilikuwa linavimba. Kila kipande kilichohamia kwenye diski mpya kilikuwa kikubwa kuliko kilivyotoka katika ile ya zamani.

Kunakili kulipokwisha alichomoa nyaya zote, akailaza diski mpya juu ya kitambaa. Haikuwa na umeme wala waya, na bado ilikuwa inazunguka. Aliiwekea kiganja ili ahakikishe, akaikuta ina joto la mwili, na chini ya kile kifuniko cha chuma kitu kikamsukuma, polepole, kikatulia, kikamsukuma tena, vile vile alivyosukumwa asubuhi ile alipoweka mkono juu ya tumbo la mkewe mwenye mimba ya miezi saba, na kutoka kwenye redio iliyokuwa rafuni na matumbo yake nje, redio ambayo haikuwa na betri tangu juzi, ikatoka pumzi ndefu ya mtu aliyenyoosha miguu baada ya safari.

Alijikaza kisabuni. Alijiambia ni njaa, ni joto, ni kuvuta moshi wa risasi ya kulehemu. Akaitia diski ndani ya mashine, akakaza skrubu.

Alasiri aliipeleka mwenyewe. Nyumba ya Mama Mkunga ilikuwa safi, mapazia yamefungwa, na mbele ya televisheni palikuwa na viti viwili. Mama alishika padi moja ya kuchezea, ya pili akaiweka juu ya mto wa kiti kitupu. Mchezo ukafunguka: vijitu viwili, kimoja cha buluu na kimoja cha njano, mbele ya jiwe ambalo ni lazima vilisukume pamoja.

Fundi aliona kitufe cha ile padi ya pili kikididimia. Hakuna kidole kilichokigusa. Kikadidimia, kikainuka, kijitu cha njano kikasogea mpaka kwenye jiwe, kikageuka, kikasubiri.

"Usiogope, baba," Mama Mkunga alisema bila kutoa macho kwenye kioo. "Ni dada yako tu."

"Asante, Kaka," sauti ya binti ikasema kutoka kwenye spika. "Sasa nimepata pa kukaa."

Fundi hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta barabarani, mkoba wa vifaa ameuacha kule ndani.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na aanzie wapi? Lakini watu wenyewe walianza kusema. Mama Mkunga hafungui tena madirisha. Mama Mkunga haonekani sokoni. Mwenye duka la mkabala alimwona akichungulia mara moja, akasema amebaki mifupa na macho. Jirani wa ukuta mmoja alilalamika kuwa mchana kutwa anasikia nyayo za mtu mwenye miguu iliyolowa, paa, paa, kutoka sebuleni mpaka mlangoni na kurudi. Kila wiki nyayo zilikuwa nzito zaidi. Fundi alisikia yote hayo, akainamia kazi yake.

Wiki ya tano mkewe alikuja dukani alasiri, akaketi kizingitini bila salamu. Mama Mkunga alikuwa amemwahidi kumsaidia kujifungua, naye alikuwa ametoka kwake.

"Nimebisha," alisema kwa sauti ya chini. "Akaniambia kupitia mlangoni nirudi siku nyingine, eti mwanawe hapendi wageni."

"Mwanawe?"

"Ngoja nimalize." Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Ikaja sauti nyingine, ya msichana. Ilikuwa chini kabisa ya mlango, kama mtu amechutama. Ikaniuliza nina miezi mingapi. Mimi kwa ujinga wangu nikajibu, nikasema minane. Halafu ikaniuliza, 'Humo ndani mna nafasi?'"

Fundi alifunga duka saa ileile. Alimpeleka mkewe kwa mama yake, akamwambia asitoke, kisha akaenda nyuma ya kinu cha unga alikokaa mganga mmoja wa kike, mzee, mwenye kikohozi kisichokwisha. Alimsimulia kila kitu, hata ile ahadi. Mganga alimsikiliza huku akipepeta mchele.

"Nani aliyemwongezea chumba?" aliuliza.

"Mimi."

"Haya."

"Nitakwenda kuivunja hiyo diski, Bibi. Leo hii."

"Ukivunja mtungi, maji yatakwenda wapi?" Mganga aliweka ungo chini. "Sikiliza, mwanangu. Huyo si binti. Binti amelala alikolazwa. Huyo ni jini anayetafuta kilio kilichozuiwa. Akikipata huvaa sauti ya marehemu, akala humo humo mpaka mwenye kilio aishe, kisha hutafuta mwili. Mimi siwezi kumfukuza, maana hakuvunja mlango, alikaribishwa. Aliyemwita 'mwanangu' ndiye wa kumkana."

"Hawezi kumkana. Anamsikia kwa masikio yake."

"Jini anajua kila anachokijua yule mama. Asichokijua mama, naye hakijui." Alikohoa, akamtazama. "Una neno la binti ambalo mama hana?"

"Ninalo."

Walikwenda pamoja, na mlango wa Mama Mkunga waliukuta wazi. Ndani jua la alasiri lilipenya kwenye tundu za mapazia, na sakafu ilikuwa na alama za nyayo zilizolowa, nyingi, ndogo, nyingine zikipanda ukutani kupita kimo cha mtu mpaka karibu na dari. Harufu ya udongo ilikaba koo. Mama Mkunga alikuwa kitini kwake na padi mkononi, shingo imekonda, midomo imekauka. Kile kiti cha pili kilikuwa kitupu, lakini mto wake ulikuwa umebonyea kama umekaliwa na mtu mzito.

Mganga aliketi sakafuni, akawasha ubani kwenye kifuniko cha sufuria.

"Mwenzangu," alimwambia Mama Mkunga, "sikuja kukunyang'anya mtu. Nina swali moja kwa huyo mgeni wako."

"Si mgeni."

"Basi kwa mwanao. Muulize: siku ya mwisho alipokwenda kwa fundi, alimwambia nini?"

Televisheni ilinyamaza. Vijitu vyote viwili vilisimama. Mama Mkunga aligeuka kukitazama kile kiti, na kwa mara ya kwanza fundi akaona wasiwasi usoni mwake.

"Mwambie, mwanangu," alisema. "Mwambie tu waende zao."

"Nilimwambia akutunze," sauti ikajibu. "Nilimwambia nitarudi, unisubiri."

Fundi alipiga magoti. Hakuwa amepanga kupiga magoti.

"Si kweli, Mama. Aliniambia nije nikuchukulie hii mashine. Alisema nisikuachie, kwamba utakaa mbele yake mpaka uishe. Nilimwahidi. Nilikuja mara mbili nikakuonea huruma, au nilijionea mwenyewe, sijui. Nikanyamaza."

"Anasema uongo," sauti ikasema, na sasa haikutoka kwenye spika, ilitoka kitini, kisha nyuma ya mlango, kisha karibu na sikio la fundi, na kila ilipohama ile harufu ilihama nayo, na mapazia yakavutwa kwa ndani kama nyumba nzima inavuta pumzi, na nyayo mpya zikaanza kujichora sakafuni, moja baada ya nyingine, zikimzunguka Mama Mkunga, zikimkaribia, mpaka zikasimama mbele ya magoti yake.

Mama Mkunga hakuziangalia. Alikuwa anamwangalia fundi.

"Miezi yote hii ulikuwa na neno la mwanangu?"

"Nilikuwa nalo, Mama. Nisamehe."

Mama Mkunga alisema kwa sauti ndogo, kama anajisemea, "'Mpaka uishe.' Hivyo ndivyo alivyokuwa anaongea. Hivyo hivyo." Akaiweka padi sakafuni.

"Mama," sauti ikaita. Ilikuwa sauti ya mtoto sasa, ya miaka minne au mitano. "Mama, nikitoka mimi, nani tena atakuita mama?"

Mganga aliinamisha kichwa. Fundi alitaka kusema mimi, mtaa mzima tunakuita mama, lakini alijua hilo silo lililoulizwa. Ubani ukaungua ukaisha kwenye kifuniko, na yule mama bado alikuwa hajajibu.

"Hakuna," alisema hatimaye. "Hakuna mtu. Nilikuwa na mmoja." Akavuta pumzi. "Wewe si yeye. Nilikukaribisha, na sasa nakuambia, toka nyumbani kwangu."

Diski ilipiga ukelele mmoja mwembamba ndani ya mashine, ikakatika. Mto wa kiti cha pili ukapanda polepole. Mlango wa chumbani ukafunguka kwa nguvu, kisha wa jikoni, kisha ule wa mbele ukagonga ukuta, na nyayo zile zikapita kizingitini, zikashuka ngazi moja, mbili, zikakaukia kwenye jua katikati ya barabara.

Kwenye kioo, kijitu cha njano kilisimama pale pale mbele ya jiwe. Mama Mkunga aliinyanyua ile padi ya pili, akaishika kifuani, akasubiri. Hakikusogea.

Ndipo alipolia. Fundi hakuwahi kusikia kilio cha namna ile. Kilianzia tumboni, kikapasua nyumba, kikatoka nje mpaka mafundi cherehani wakasimamisha mashine zao. Mganga alimshika mabega, wala hakumnyamazisha.

Majirani walianza kuingia, wanawake kwanza, wakivua viatu mlangoni. Yule wa ukuta mmoja alichutama mbele yake.

"Nani amefariki, dada?"

"Binti yangu," alisema Mama Mkunga.

Walitazamana. Hakuna aliyesema kwamba ni zaidi ya mwaka sasa. Mmoja alikwenda kuchemsha maji, mwingine akafungua mapazia na madirisha, waliobaki wakaketi sakafuni kumzunguka. Fundi alitaka kuondoka, kisha naye akavua viatu, akatafuta nafasi karibu na mlango, akakaa.

Mama Mkunga akaanza kuwaeleza jinsi mwanawe alivyougua, tangu homa ya kwanza, siku kwa siku, nao wakamsikiliza kama watu ambao ndiyo kwanza wanapata habari.