Risiva ya Bi Amira

Zamzam aliliona sanduku kabla ya kumwona mwenyewe. Lilikuwa juu ya mkokoteni katikati ya Mtaa wa Aggrey, limefungwa kamba za katani, na ubavuni lilichorwa picha ya risiva, ile mashine pana ya chuma ambayo ukiiunganisha na televisheni, deki na redio, sauti zote hupitia humo na kutokea kwenye spika kubwa. Miaka ile televisheni zilikuwa bado ngeni Bara. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila aliyerudi Dubai alirudi na kitu cha kushangaza mtaa. Lakini risiva zilikuwa za kuhesabu. Zamzam akatoka nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, akasimama barazani, bisibisi bado iko mkononi.

Mkokoteni ulikuwa umekwama. Mbele yake lori lilikuwa likishusha marobota ya mitumba, nyuma yake wauza nyanya walikuwa wakidai wapishwe. Pembeni alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe la mikono mirefu limenyooshwa pasi barabara, kofia ya viua kichwani, jasho likimshuka shavuni. Alikuwa amelishikilia lile sanduku kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mtoto asianguke kitandani.

Zamzam alimsalimu, akamuuliza kama ameitazama mashine yenyewe kwa nyuma. Yule bwana akajibu kwamba ameitazama kwa mbele, ikampendeza, akalipa. Zamzam akacheka kidogo, kisha akawa makini.

"Usiichomeke kwenye umeme kabla haijaangaliwa," alimwambia. "Nyingine zimewekwa kwa umeme wa nchi za watu. Ukichomeka tu, imekwisha."

Lori halikuwa na haraka, kwa hiyo sanduku likashushwa, likafunguliwa pale pale barazani. Nyuma ya mashine kulikuwa na swichi ndogo nyekundu, imesukumwa upande wa umeme mdogo, nusu tu ya nguvu ya umeme wetu. Zamzam akaisogeza upande wa pili kwa ncha ya bisibisi. Mwanamume aliitazama swichi, akautazama mkono ulioisogeza, halafu akautazama uso wa mwenye mkono, na hapo akakawia.

Aliitwa Hafidhi. Alikuwa na duka la mapazia na mashuka upande wa Msimbazi, na mashine ile hakuinunua kwa ajili yake. Alieleza kwamba mama yake, Bi Amira, masikio yalikuwa yakimpungua mwaka hadi mwaka tangu afiwe na mumewe. Televisheni waliyokuwa nayo sebuleni ukiiongeza sauti ilikoroma tu, hivyo mama alikaa mbele yake akiwatazama watu wa mle ndani kama anavyowatazama wapita njia dirishani. Hafidhi alikuwa amesikia kwamba kwa risiva na spika nzuri maneno hutoka safi hata yakiwa makubwa. Spika alikuwa nazo tayari nyumbani; akaomba fundi amfungie.

"Fundi ni mimi," Zamzam alisema, na akangoja aone uso wake utafanya nini.

"Hilo nimeshaliona," Hafidhi akajibu. "Nilikuwa nauliza unafika saa ngapi."

Jibu lile lilimpendeza Zamzam kuliko alivyotaka lionekane. Alikuwa na sababu. Baba yake, Mzee Sadalla, alimfundisha kuchomelea waya tangu akiwa msichana, na kazi aliipenda. Lakini alipokuwa ameshaposwa mara ya kwanza, mashangazi wa bwana harusi walipita dukani wakamkuta amepiga magoti nyuma ya televisheni, mikono imejaa vumbi. Wiki haikuisha posa ikavunjwa. Walisema wanataka mke, hawatafuti fundi. Tangu hapo Zamzam alijifunza kuwatazama watu usoni wanaposikia kazi yake.

Siku ile ile baada ya alasiri alikwenda nyumbani kwa kina Hafidhi, Mtaa wa Sikukuu, amevaa gauni refu la zambarau na ushungi mweupe. Bi Amira alimpokea kwa sharubati ya ukwaju. Zamzam alimwamkia, akaitikiwa marahaba, na mara akagundua kwamba mama yule huwatazama watu mdomoni wanapozungumza. Kwa hiyo akawa anamgeukia kila alipokuwa na neno.

Alianza kwa kung'oa plagi zote ukutani, hata ya televisheni, akisema hafungi waya wowote kitu kikiwa na umeme. Ekstensheni yao iliyochubuka aliikataa, akamtuma Hafidhi dukani akachukue nyingine. Kabati la vioo alilikataa pia. Mashine hii hutoa joto, alieleza, inataka nafasi ya kupumua juu, nyuma na pembeni, na ukiifungia kabatini ni sawa na kumfunika mtu blanketi mchana wa Februari. Wakaiweka juu ya meza ya mninga, mbali na pazia. Kisha akapiga magoti, akamenya ncha za waya za spika, akazisokota moja moja ili usibaki uzi wa shaba wa kugusa wa jirani, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hafidhi alikuwa amepiga magoti pembeni yake akimshikia tochi. Mara kwa mara tochi ilimulika pasipohusika, na Zamzam alilazimika kuirudisha kwa kidole.

Mwisho alizungusha kitufe cha sauti mpaka chini kabisa, ndipo akachomeka na kuwasha. Akaipandisha sauti taratibu, macho yake yakiwa kwa Bi Amira. Mtangazaji alikuwa akisoma habari za mvua za Morogoro. Bi Amira aliinua mkono, maana yake hapo hapo. Alikaa akisikiliza habari za mvua mpaka zikaisha, halafu akajipangusa macho kwa ncha ya kanga na kuuliza kama mtangazaji yule siku zote ana sauti nzuri hivyo.

Baada ya siku ile simu ya dukani kwa Mzee Sadalla ilipata kazi. Hafidhi alipiga kuuliza rimoti inatumia betri gani, ilhali zilikuwemo. Alipiga kuuliza kama ni vibaya kuiacha imewashwa mtu akitoka, akaambiwa ndiyo, azime na kuchomoa, hasa umeme ukikatika, kwa maana ukirudi hurudi na kishindo. Alipiga tena.

"Spika ya kushoto inanuna," alisema.

"Umeangalia waya?"

"Waya mzima. Nadhani imemkumbuka fundi wake."

"Basi iambie fundi ana wateja wengine."

"Nitaiambia. Lakini ukiisikia inalia usinilaumu."

Mzee Sadalla, aliyekuwa akisoma gazeti karibu na simu, aligeuza ukurasa ambao alikuwa hajaumaliza.

Jumapili zikawa zao. Walitembea mpaka Kivukoni, wakanunua mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, wakala wamesimama huku wakitazama pantoni likivusha watu wa Kigamboni. Hafidhi alimweleza habari za vitambaa, namna ya kujua pamba safi kwa kuisugua tu, na Zamzam akamweleza juu ya posa iliyovunjika. Hafidhi hakusema neno la kuwalaani wale mashangazi. Alimuuliza tu kama bado inamuuma. Zamzam alifikiri, akasema siku hizi si sana.

Kisha ikaja habari ya kitambaa. Bi Amira alikuwa hodari wa kufuma, na kwa miezi miwili alikuwa akifuma kitambaa cheupe chenye pindo la maua ya buluu, kwa ajili ya kuifunika risiva. Redio ya marehemu mumewe ilikuwa na kitambaa chake, televisheni ina chake, hata simu ilikuwa nacho. Alipokitandika, Zamzam alimweleza kwa upole kwamba tundu za juu ndizo pua za mashine ile. Bi Amira alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akakikunja, akaondoka nacho. Zamzam aliona jinsi alivyokikunja polepole, lakini hakuwa na la kufanya.

Wiki chache baadaye, adhuhuri ya joto kali, Zamzam alipita kuwasalimu. Mlangoni tu alipokewa na harufu ya kitu kinachoungua. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa juu ya risiva, katikati kimegeuka rangi ya chai, na mashine ilikuwa imejizima yenyewe. Juu yake, kwa mapambo, palikuwa na chombo cha maua chenye maji. Zamzam alikimbilia plagi akaing'oa. Hafidhi alitokea uani, na hofu yote ya Zamzam ikamtoka kwa ulimi.

"Mama yako atawachoma humu ndani kwa ajili ya urembo," alisema. "Nimemweleza kama mtoto, hasikii. Mtu wa namna hii hafai hata kuwekewa kitu cha umeme."

Zamzam alikuwa ameelekea upande wa kiti cha Bi Amira. Mama yule alikuwa ameketi, macho yake kwenye midomo ya Zamzam, na hakupitwa na neno hata moja. Aliinuka, akaingia chumbani.

Hafidhi alikuwa amebadilika rangi. Alimtazama Zamzam, akaitazama mashine, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mama amesikia. Nenda nyumbani, Zamzam."

Alikwenda. Njia nzima neno lile "nenda" lilikuwa likimrudia, na kufika Aggrey alikuwa ameshalipatia maana: nao hawa wanataka mke, hawatafuti fundi. Hafidhi alipiga simu mara moja tu. Zamzam alimfanyia baba yake ishara aseme hayupo. Simu haikulia tena, na baadaye akasikia kutoka kwa watu wa Msimbazi kwamba Hafidhi amesafiri kwenda Dubai kuchukua mzigo. Hakumuaga. Zamzam aliendelea na kazi, akala alipoambiwa ale, na Jumapili alishinda akizifagia rafu ambazo hazikuwa na vumbi.

Asubuhi moja Bi Amira aliingia dukani. Alikuwa peke yake, ndani ya buibui, amebana mkoba kwapani. Zamzam alisimama, akamwamkia.

"Marahaba," Bi Amira alisema. "Nimekuja unifundishe kuwasha mashine yangu. Hafidhi aliiacha imechomolewa, akasema asiiguse mtu, akaondoka. Nyumba imekuwa kimya tena, nami nilishaizoea sauti yake."

Zamzam alimletea kiti, akaketi mbele yake ili aonekane mdomo. Akasema kwamba alikosa, kwamba aliogopa moto, lakini hofu haikumpa ruhusa ya kumvunjia heshima.

"Kuogopa ulikuwa na haki," Bi Amira alisema. "Kilichonichoma ni kwamba ulimwambia Hafidhi, nami niko pale. Watu wakijua husikii vizuri, wanaanza kuzungumza kana kwamba umeshatoka chumbani. Wewe ulikuwa hufanyi hivyo. Ulikuwa unanigeukia. Na kile kitambaa mimi nilikitia kwenye sanduku la nguo siku ile ile uliponieleza. Nilipokiona kimerudi nikadhani umeruhusu."

Katika nyumba ile walikuwa wakiishi watu wawili tu.

Walikwenda pamoja mpaka Mtaa wa Sikukuu. Zamzam aliichunguza risiva. Ilikuwa nzima, kwa kuwa ilijizima kabla joto halijaiumiza. Alimwonyesha Bi Amira namna ya kushusha sauti kwanza, kuchomeka kwa mkono mkavu, kuwasha, kupandisha pole pole. Kisha akazima na kumwachia afanye mwenyewe. Mara ya kwanza Bi Amira alisahau kushusha sauti, na tarumbeta za matangazo zikajaa sebule nzima. Walishtuka wote wawili, wakacheka mpaka Bi Amira akashika ubavu. Alikuwa akijaribu tena wakati simu ilipolia. Alimwashiria Zamzam apokee, kwa sababu kwenye simu yeye hakuambulia kitu. Jirani ndiye aliyekuwa akimpokelea.

"Hallo," Zamzam alisema.

"Zamzam?" sauti ya Hafidhi ilitoka mbali. "Kuna nini? Nyumba imeungua?"

"Haijaungua. Mama anajifunza kuwasha mashine yake."

"Alhamdulillahi. Nilipiga dukani, nikaambiwa hupo."

"Nilikuwepo. Hafidhi, nani alikirudisha kile kitambaa?"

"Mimi," alisema. "Nilimwona anakitoa sandukuni, anakitazama, anakirudisha. Nikaona kitambaa tu, kitafanya nini. Na maua niliweka mimi. Halafu ukaja ukamsema yeye, nami nikasimama pale nikanyamaza. Nilikwambia uende kwa sababu sikuweza kukutazama. Huku Dubai nimelala na jambo hilo kila siku."

"Si mimi ninayetakiwa kuambiwa hilo kwanza," Zamzam alisema. "Yuko hapa. Sema, nitamfikishia."

Alimgeukia Bi Amira, simu ikiwa sikioni, akawa anarudia neno kwa neno kila alilosema Hafidhi. Bi Amira alifuata midomo yake mpaka mwisho. Alipoelewa, alitikisa kichwa taratibu, akasema kwamba baba yake Hafidhi naye alikuwa hivyo hivyo, akivunja kikombe anakificha. Zamzam akayapeleka maneno hayo Dubai, na akasikia Hafidhi akicheka kwa mara ya kwanza.

Kisha Hafidhi akasema jambo jingine, na Zamzam hakulirudia.

"Anasemaje?" Bi Amira aliuliza.

Zamzam alihisi masikio yakimwaka moto. Lakini Bi Amira alikuwa akingoja, macho yake yametulia kwenye midomo yake, na hakutaka kumwacha nje ya mazungumzo mara ya pili.

"Anasema anataka kunioa," alisema, akilitamka kila neno lionekane. "Anasema anamtaka mke, na anamtaka fundi, na hatamwambia tena yeyote kati yao aende nyumbani, labda nyumba iwe hii."

"Na wewe umemjibu nini?"

Alikuwa bado hajamjibu. Alimtazama mama yule usoni, simu ikiwa karibu na mdomo wake.

"Nimekubali, mama," alisema, na hivyo wakalipata jibu wote wawili kwa wakati mmoja.

Bi Amira alinyoosha mkono, akachukua mkono wa simu, akauweka sikioni upande usiosikia kabisa.

"Hafidhi," alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita uani. "Sisikii unachosema, kwa hiyo usijisumbue kujibu. Maliza shughuli zako urudi, tupeleke posa kwa Mzee Sadalla."

Akamrudishia Zamzam simu, akampa mgongo asiisome midomo yake, akaenda kuongeza sauti ya televisheni ili wachumba wazungumze kwa nafasi.